Kipande cha Masasi

Neno la kwanza nililoambiwa kazini lilikuwa: "Vua viatu."

Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kufunga kamba, alivyoninunulia mama yangu kule Masasi kwa ajili ya siku hiyo tu. Nilijua nimeajiriwa kufagia jukwaa la Uwanja wa Ukingoni, basi. Mzee Chimbende, mtunza uwanja wa wakati huo, hakunitazama usoni, alinitazama miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akarudia: "Vua viatu, mwanangu. Nyasi hazisomwi kwa macho." Akanizungusha uwanja mzima peku, kokoto zikinichoma, na tulipomaliza akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona miiba. Akasema basi nimemshinda aliyenitangulia, maana yule hakuona kitu.

Nawaandikia ninyi mnaobaki na uwanja kwa sababu mliniomba siku ya kuniaga, na pia kwa sababu wengine wenu nimewaona kwa macho yangu mkikatiza katikati na viatu vya ngozi, simu sikioni. Habari za vyeo na mshahara nazipita. Vyeo sikuvipata vya kusimulia, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza nyasi, watu, na kile kipande cha Masasi kilichotaka kutuvunjia uwanja.

Mnaujua uwanja ulivyo, lakini nyie mmeukuta. Uko pale Newala ardhi inapokatika. Asubuhi ukisimama nyuma ya goli la ukingoni, mawingu yako chini ya miguu yako na bonde la Ruvuma liko chini ya mawingu. Mpira ukipaa juu ya goli hilo umekwenda. Zamani, kabla ya wavu wa nyuma, mechi ilisimama tukisubiri kina mama waliokuwa wanapanda na ndoo za maji kutoka chemchemi za bondeni. Mmoja wao angetokea na ndoo kichwani na mpira kwapani, jukwaa zima likamshangilia kama vile yeye ndiye amefunga. Nimeona mama mmoja akiinamisha kichwa kidogo kupokea makofi, na maji hayakumwagika.

Uwanja huu haukujengwa na kampuni. Wazee wa pande hizi waliulima kwa majembe. Watu wa Mkunya walisawazisha goli la barabarani. Watu wa Tandahimba walichukua katikati. Newala mjini walichukua pembeni kote. Watu wa Masasi walifika mwisho kwa kuwa walitoka mbali, wakapewa kilichobaki, goli la ukingoni, pale ardhi ilipokuwa inateleza kuelekea bondeni. Wakajaza udongo na mawe mpaka pakalala sawa, tena wakaleta mawe ya majabali yao kwa ajili ya ngazi za jukwaa. Jukwaa hilo bado mnalikalia. Paa lake lina matundu, lakini mawe hayajatikisika.

Tangu hapo, kila watu na kipande chao. Juu huku maji ni shida tangu enzi za mababu, na bomba likija linakuja linapotaka. Hakuna binadamu wa kubeba maji ya kumwagilia uwanja mzima. Lakini sehemu zinazokanyagwa sana, mbele ya magoli na katikati, zikiachwa kiangazi zinakuwa vumbi. Kwa hiyo kila Alhamisi kabla ya mechi mashabiki wanakuja na maji yao. Zamani yalikuwa madebe, siku hizi ni madumu ya njano. Mkunya wanamwagia goli la barabarani, Tandahimba katikati, Masasi goli la ukingoni. Masasi walikuwa wanapandisha maji kwa gari kutoka kwao, njia yote ile, kuja kuyamwaga kwenye nyasi za Newala. Mgeni akiambiwa anadhani anataniwa.

Na kuna mwiko wake. Humwagii kipande cha wenzako. Ukimwagia kipande cha wenzako umewatangazia msiba, umesema hao watu wamekwisha, hawapo tena. Mzee Chimbende aliniambia hilo siku ya pili, kisha akaniambia la kwetu sisi wa kazini: mtunza uwanja anakata, anapanda, anaburuza rola, ila maji ya Alhamisi si yake. "Wewe ni wa Masasi," akasema, "lakini ukishaingia stoo hii huna kipande. Ukiwa nacho, wataanza kukuchunguza jicho linaelekea wapi."

Yeye akifumba macho na kutembea peku alikuwa anajua yuko kwa nani. Hapa Mkunya, majani yao magumu kwa kuwa wanamwaga maji kwa hasira. Hapa Tandahimba, wanamwaga kidogo kidogo na maneno mengi. Nilidhani ananifanyia mchezo, mpaka na mimi miguu yangu ikajifunza.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Fyekeo, reki, toroli lenye gurudumu la kulia machozi, kamba ya katani ya kunyooshea mistari, na rola. Rola tulitengeneza wenyewe kwa pipa tulilojaza zege, na Mzee aliliita Mama Mkwe, kwa kuwa ni zito na halijibiwi. Mafyekeo ya mashine mliyoletewa ni mazuri, sikatai. Ila Mama Mkwe msimtupe. Hamtapata mwingine.

Kesi ngumu? Nyingi, lakini niwape ile ya chokaa. Msimu mmoja chokaa iliisha madukani, na Jumamosi kuna mechi. Mzee Chimbende akasema unga wa muhogo ni mweupe vilevile, na muhogo kwetu haujawahi kuadimika. Tukachora mistari kwa unga. Ilipendeza kweli, myeupe, imenyooka. Tukaenda kula. Tuliporudi, mbuzi walikuwa wamelamba eneo lote la penalti upande wa barabarani, wakaacha mistari ya pembeni tu, labda walishiba. Mechi ikachezwa hivyo hivyo. Na kama ilivyo kawaida ya dunia, mchezaji akaangushwa hapo hapo. Mwamuzi akapuliza filimbi, akatazama chini, hapana mstari. Wageni wakasema ameangushwa nje. Wenyeji wakasema ndani. Ndipo Bibi Somoe wa Mkunya akasimama jukwaani na kanga yake, akapaza sauti: "Mwamuzi, muulize yule mbuzi. Yeye ndiye mwenye mstari."

Huyo Bibi Somoe mtamfahamu, ingawa sasa anatembelea fimbo. Ni mkulima wa korosho, Mwislamu mwenye msimamo, na hakuna sauti nyingine kwenye uwanja wetu iliyowahi kuifunika ya kwake. Timu yetu ya Wabanguaji ikifungwa alikuwa hali chakula. Ikishinda alikuwa anapika kwa ajili ya watu asiowajua. Mwenzake upande wa Masasi alikuwa Mwalimu Bernadi, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya kanisani, mtu mpole wa sauti ya chini, ila akishika tarumbeta upole unaishia hapo. Hawa wawili walikaa pande mbili za jukwaa moja wakishangilia timu moja, huku wanachokozana mechi nzima kuhusu nyasi za nani ni za kijani zaidi. Mimi niliwapenda wote wawili na sikuwaambia.

Wala siwezi kuwaeleza vizuri watu wetu walivyokuwa. Msimu wa korosho mtu anatoka shambani na mikono iliyoungua kwa mafuta ya maganda, haendi kulala, anakuja uwanjani. Nimeona arusi iliyosogezwa mbele. Nimeona padri akifupisha mahubiri, na mashehe wakitoka msikitini Ijumaa wanajadili kiungo wa kati. Timu yetu haikuwa na kombe la kutisha. Watu walikuja tu, mvua na jua.

Kisha tukaharibu wenyewe.

Ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu, nasi tulihitaji sare tu. Golikipa wetu alikuwa Yohana, kijana wa Masasi, mtoto wa dada yake Mwalimu Bernadi. Mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu, tukafungwa. Ulikuwa msimu wa mabibo, matunda yale ya mkorosho, yamelundikana kila mahali yakichacha. Mtu mmoja upande wa Mkunya akarusha bibo likamgonga Yohana mgongoni. Akarusha wa pili. Mara ikawa mvua. Yule kijana alisimama golini kwake, kwenye kipande cha watu wake, hakukimbia, akapigwa na mabibo mpaka jezi ikabadilika rangi. Bibi Somoe hakurusha. Lakini alicheka, na kila mtu alimwona akicheka.

Masasi waliondoka bila kelele. Msimu uliofuata tukasikia wameunda timu yao, Majabali. Tarumbeta halikusikika tena Ukingoni, na Alhamisi hapakuwa na gari la maji. Mbele ya goli la ukingoni pakaanza kupauka, kisha pakawa hudhurungi, kisha vumbi.

Mzee Chimbende alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja kutazama. Akavua viatu, akasimama pale muda mrefu. Nikamwuliza pamekufa? Akasema, "Ukoka haufi haraka hivyo. Umenuna tu." Nikachimba kidogo kwa kidole nikaona kweli, mizizi bado inashika. Lakini kununa nako kuna mwisho wake, na tulikuwa kiangazi, na pampu ya bondeni inayotupandishia maji ya bomba nayo ikaharibika.

Wakati huo huo Wabanguaji wakapanda daraja. Tulicheza ngoma siku nzima. Wiki chache baadaye akaja mkaguzi wa viwanja. Alikuwa kijana mstaarabu na anayeijua kazi yake. Alisifia jukwaa, akashika yale mawe ya Masasi kama mtu anayemshika ng'ombe mzuri mnadani. Alipofika goli la ukingoni akachuchumaa, akachota vumbi, akaliachia.

"Mama Edna," akaniambia kwa upole, "hapa kipa akiruka atavunjika bega. Siwezi kupitisha hivi."

"Nipe muda, baba."

"Nakupa mpaka mwezi uishe. Pakiwa bado hivi, mechi zenu za nyumbani zitahamia Mtwara."

Mtwara ni mbali kwa mkulima mwenye baiskeli. Nilijua maana yake. Timu ingekwenda, watu wetu wangebaki, na uwanja usio na mechi hauna mtu wa kuuletea maji. Ungekuwa shamba la muhogo kabla mimi sijastaafu. Nilikaa stoo nikaegemea Mama Mkwe, nikaogopa kweli. Nilikuwa nimeupa uwanja ule ujana wangu, na sikujua kufanya kitu kingine.

Viongozi wa timu walisema tumwagie tu wenyewe, mambo ya mwiko ni ya wazee. Nikawaambia haya, yupo atakayebeba? Wakatazamana. Mkunya hawakutaka. Tandahimba hawakutaka. Si kwa uvivu. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye aliyewazika Masasi. Mimi nilikuwa namwaga pale maji ya kuoshea vyombo vya nyumbani kila asubuhi, hadharani, maana maji machafu ya jikoni hayahesabiwi kwenye mwiko, mume wangu akilalamika kuwa nyasi zinaoga kuliko yeye. Maji yangu yale yalishikilia mizizi tu. Kurudisha kijani hayakuweza.

Nikapanda basi kwenda Masasi. Mwalimu Bernadi nilimkuta nyumbani kwake chini ya yale majabali, anasahihisha nyimbo za kwaya. Tuliamkiana, tukaulizana habari za watoto, za afya, za mvua ambayo haikuwepo, na mkewe akaleta chai. Nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na jezi ya Yohana, imekunjwa vizuri, imefuliwa, madoa yamejaa mgongo mzima.

"Unalijua doa la bibo, Mama Edna. Mama yake ameifua mpaka mikono imechubuka."

"Nalijua, Mwalimu."

"Yohana alikuwa hatoki ndani. Sasa anadakia Majabali, ameanza kucheka tena. Niwaambie watu wapande na maji kwa ajili ya nani?"

Nilikunywa chai yangu nikaaga.

Kesho yake nilikwenda Mkunya. Bibi Somoe alikuwa anaanika makopa ya muhogo. Nikamwambia yote, mkaguzi, Mtwara, jezi. Nilipofika kwenye jezi akaacha makopa.

"Mimi sikurusha," akasema.

"Hukurusha, Bibi. Ulicheka."

Alinitazama nikadhani atanifukuza. Kisha akageuka akaendelea kuanika, kopa moja moja, akiyapanga kama yanahesabiwa na malaika. Nikaondoka nikijua nimeshindwa, na hata usingizi nikapata, maana mtu aliyeshindwa kabisa hana la kufikiria.

Asubuhi, nikipita kwenda kazini, nikamkuta Bibi Somoe kituo cha basi, kanga mpya, mkoba mkononi. "Wewe unaijua nyumba," akasema. "Twende."

Kwa Mwalimu Bernadi hakutoa hotuba. Aliamkia, akakaa, akakataa chai kwanza. Akasema, "Mwalimu, naomba ile jezi."

Mwalimu akaleta, labda akidhani anataka kuitazama. Bibi Somoe akasimama, akaivaa juu ya gauni lake, mgongo wa madoa nje, akaivuta chini ikakaa. Ilikuwa kubwa, inamfika magotini.

"Yohana yuko wapi?"

"Sokoni, kwenye kibarua cha kubeba magunia," akasema Mwalimu, na hata yeye alikuwa anashangaa.

Bibi Somoe akatoka. Tukamfuata. Alipita stendi, akapita kwenye bodaboda, vijana wakamzomea kidogo kisha wakanyamaza walipomwona umri wake na hatua zake. Masasi nzima inaijua jezi ile. Alimkuta Yohana na gunia begani. Yohana aliposhusha gunia na kumwona, akamwamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi Somoe. "Doa hili si lako. Ni langu. Nitalivaa mimi."

Yohana alishika gunia lake lakini hakuliinua. Macho yalimjaa machozi. Mimi yangu yalikuwa yamejaa zamani, wala sioni aibu. Mwalimu Bernadi alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Hakuna aliyeahidi kitu. Tulirudi Newala na jezi yetu.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa golini ukingoni na ndoo yangu ya maji ya vyombo. Nikasikia tarumbeta barabarani. Kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo, na lori la korosho, madumu ya njano hadi juu, watu wamevaa fulana za Majabali. Waliteremka. Wakafika kwenye mstari, wakavua viatu vyote, wakavipanga, wakaingia peku kwenye kipande cha babu zao na maji kichwani. Yohana alikuwa wa mbele. Upande wa pili Mkunya walikuwa wanamwaga yao, na Bibi Somoe katikati yao amevaa jezi. Akapaza sauti: "Masasi, mmechelewa. Sisi tumeshamaliza." Mwalimu Bernadi akamjibu kwa tarumbeta.

Walikuja kila Alhamisi mpaka mwezi ukaisha. Ukoka ulianza kutoa vichipukizi kama sindano, mimi nikavifunika kwa majani makavu mchana ili jua lisivichome, hilo mlishike. Mkaguzi aliporudi alichuchumaa pale pale, akapapasa, akavua viatu. Sikumwambia avue. Akapitisha uwanja.

Sasa sikieni dunia ilivyo. Mechi ya kwanza ya kirafiki kabla ya ligi, tulipangiwa Majabali. Uwanja ulifurika, na Masasi wakakaa jukwaani kwa mara ya kwanza kama wapinzani wetu. Yohana alidaka kila kitu tulichompigia. Karibu na mwisho Majabali wakapiga mpira wa juu golini ukingoni, kipa wetu akaruka, akatua salama kwenye nyasi laini, na mpira ukawa nyuma yake wavuni. Wametufunga kwenye kipande chao, juu ya maji yao.

Jukwaa la kwetu lilinyamaza. Nikatazama chini, kulikuwa na mabibo machache pembeni, na nikaona watu wengi wanayatazama kama mimi. Bibi Somoe akasimama, mgongo wa madoa ukaelekea kwao wote. Hakuna aliyeinama kuokota.

Filimbi ilipolia alishuka ngazi zile za mawe taratibu, akakusanya madumu matupu ya Masasi yaliyosahaulika tangu Alhamisi, akayaburuza mpaka kwa Mwalimu Bernadi. Watu wakasogea kusikia atasema nini. Hakumpongeza. Hakuwahi kumpongeza mpinzani na hakuanza siku hiyo.

"Madumu yenu haya," akasema. "Alhamisi msichelewe."

Hawajachelewa mpaka leo. Wana timu yao, wanatuzomea, wakitufunga wanaimba mpaka Masasi, na Alhamisi wanaleta maji. Nilipokabidhi ufunguo wa stoo, nilivua viatu nikavuka uwanja macho nimeyafumba. Mkunya nikaijua. Tandahimba nikaijua. Nilipofika mbele ya goli la ukingoni, majani yalikuwa laini, machanga bado, na yamelowa. Nikakumbuka siku hiyo ilikuwa Alhamisi.